Vigae, chemchemi na vitabu vya kale: nani ajuaye elimu ipi itahitajika kesho?

 

Ndugu wasomaji, siku moja baada ya Sala ya Alasiri alinijia mzee mmoja wa makamo, mtu wa biashara ndogo na mwenye heshima zake, akiwa ameshika bahasha. Ndani yake mlikuwa na barua ya binti yake ya kuchaguliwa kujiunga na chuo kikuu. Nikampa mkono wa pongezi, lakini uso wake haukuwa uso wa mtu anayepongezwa.

"Sheikh," akaniambia, "huyu mtoto alama zake zilimtosha kusomea ufamasia. Yeye mwenyewe amejaza akiolojia. Nimemuuliza ni kitu gani hicho, akanijibu kuwa ni kuchimba miji ya kale na kuchunguza vigae. Mimi nimeuza mitumba miaka kumi na minane ili mwanangu akaokote vyungu vilivyovunjika? Nakuomba umwite, umnasihi."

Sikumjibu papo hapo. Nilimwomba anipe siku chache, nikamtaka arejee Ijumaa pamoja na binti mwenyewe. Na kwa kuwa najua kuwa bahasha kama ile zinafunguliwa katika nyumba nyingi za wasomaji wetu, nimeona niyaandike hapa yale niliyoyakusanya katika siku hizo.

Kwanza niseme kuwa swali la mzee yule si la ujinga. Ada ni mzigo, mkopo wa elimu ya juu hulipwa, na kijana aliyemaliza chuo akakaa kibarazani miaka mitatu bila kazi ni huzuni kwa nyumba nzima. Tena dini yetu yenyewe imetufundisha kutafuta elimu yenye manufaa, na Mtume (rehema na amani zimshukie) alikuwa akijikinga kwa Mola wake na elimu isiyonufaisha. Kwa hiyo mzazi anayeuliza "hii itamfaa nani?" ameuliza swali la kidini na la kidunia kwa pamoja. Tatizo liko mahali pengine. Liko katika kudhani kwamba jibu lake tunalijua tangu mwanzo.

Mwenye kutaka kuona upana wa utafiti wa wanazuoni na aingie siku moja katika maktaba ya chuo kikuu chochote, asimame mbele ya rafu za tasnifu. Nilipokuwa mwanafunzi, nikiwa nimetoka madrasa na kichwa kimejaa nahau na fiqhi, nilikuwa nikipita mbele ya rafu hizo na kucheka kimoyomoyo. Moja ilihusu fukusi wanaotoboa migomba. Iliyo jirani yake ilihusu vina vya tenzi. Ya tatu ilipima mchanga wa ufukweni, na ya nne ilieleza jinsi wakulima wa kijiji kimoja walivyogawana maji ya mfereji. Nikajiuliza, watu hawa wanajuana? Hawajuani. Kila mmoja alikaa miaka kadhaa na jambo lake dogo, akaliandika, akalifunga kwa jalada gumu, likawekwa pale kupata vumbi. Niliona ni israfu ya umri na karatasi. Miaka imepita, na kicheko kile kimenitoka. Sababu zilizonitoa ni visa vya kweli vinavyojulikana, na nitaanza na kile kilichotugusa sote.

Mwaka 1966 mtaalamu mmoja wa viumbe vidogo, Thomas Brock wa Chuo Kikuu cha Indiana huko Marekani, alikwenda na mwanafunzi wake Hudson Freeze katika Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone. Mahali hapo ardhi inatoa mvuke na maji yanachemka yenyewe kutoka chini. Brock hakuwa akitafuta dawa wala utajiri. Alitaka tu kujua kama kuna kiumbe kinachoweza kuishi katika maji yanayounguza mkono wa mwanadamu. Katika chemchemi moja walipata bakteria wanaostawi katika joto la nyuzi 70 hivi. Wakawapa jina la kitaalamu, Thermus aquaticus, wakachapisha habari zao mwaka 1969, na mbegu ya bakteria hao ikahifadhiwa katika hazina ya viumbe vidogo ili mtafiti yeyote aweze kuiomba. Hebu fikiria mzazi wa kijana yule akiulizwa na jirani: "Mwanao yuko wapi siku hizi?" Ajibu: "Yuko porini, anateka maji ya moto kwenye vichupa."

Ikapita miaka. Mwaka 1983 mtu mwingine kabisa, mkemia Kary Mullis, alibuni njia ya kunakili kipande cha vinasaba mara nyingi sana, kutoka kidogo kisichoonekana hadi kingi cha kupimika. Njia hiyo ndiyo iitwayo PCR. Ili ifanye kazi, mchanganyiko hupashwa joto hadi karibu na kuchemka, kisha hupozwa, kisha hupashwa tena, mizunguko kwa mizunguko. Lakini kila ulipopashwa, kimeng'enya kinachofanya kazi ya kunakili kiliharibika kwa joto, kama ute wa yai unavyoganda kwenye kikaango. Ilibidi mtu asimame pale atie kingine kila mzunguko. Ndipo wakakumbuka kuwa kuna kiumbe kilichoumbwa kuishi katika maji ya moto, na kwamba kimeng'enya chake hakiogopi joto. Walikipata katika bakteria wa Brock. Mullis alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1993.

Ilipofika mwaka 2020 na maradhi ya korona yakafunga misikiti, shule na viwanja vya ndege, dunia nzima ilijifunza herufi hizo tatu. Wengi wetu tuliingizwa kijiti puani, tukasubiri karatasi iandikwe "hasi" ndipo tupande ndege. Nani miongoni mwetu alijua kuwa nyuma ya karatasi ile kulikuwa na maji ya moto yaliyotekwa miaka 54 kabla, na mtu ambaye hakuwa akifikiria maradhi hata kidogo? Subhanallah.

Kisa cha pili kinamhusu mfamasia, na nimekichagua kwa makusudi kwa sababu ya yule mzee na fani aliyomchagulia mwanawe. Bibi Tu Youyou wa China alihitimu masomo ya ufamasia mwaka 1955. Mwaka 1967, wakati wa vita vya Vietnam, malaria ikiwaua askari na dawa ya klorokwini ikianza kushindwa, serikali ya China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa mpya, na mwaka 1969 bibi huyu akakabidhiwa kuongoza kundi moja la watafiti. Hakuanzia maabara. Alianzia maktaba. Yeye na wenzake walipekua vitabu vya tiba vya kale na kuwauliza waganga wa jadi, wakakusanya maelezo zaidi ya 2,000 ya dawa. Mmea mmoja wa jamii ya pakanga ulionyesha dalili njema, lakini kila walipourudia majaribio yalikuwa yakifaulu leo na kushindwa kesho.

Jibu lilikuwa katika kitabu cha mwanachuoni Ge Hong, aliyeishi karne ya 4. Humo mliandikwa maelekezo mafupi: mmea huo uloekwe katika maji, ukamuliwe, na maji yake yanywewe. Bibi Tu akaona neno ambalo halipo. Hakuna kuchemsha! Waganga wengi huchemsha dawa zao, na yeye pia alikuwa akitumia joto. Je, haiwezekani kuwa joto ndilo linaloiua dawa? Akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwa nyuzi 35 tu, na mwezi wa Oktoba 1971 sampuli waliyoipa namba 191 iliwamaliza kabisa vimelea vya malaria katika panya. Mwaka uliofuata yeye na baadhi ya wenzake walijinywea dawa hiyo wenyewe kabla ya kumpa mgonjwa, wahakikishe haidhuru.

Ndiyo asili ya dawa mseto. Tanzania Bara ilipoacha SP na kuingia katika dawa mseto mwaka 2006, kila mama aliyemvunjia mwanawe kidonge kile alikuwa, bila kujua, akifaidika na mtu aliyenakili kitabu cha kale karne kwa karne, na mtu mwingine aliyejua kukisoma. Bibi Tu alipata Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2015. Laiti vitabu vile vingetupwa kwa kuwa ni vya kale na havina ajira, ufamasia peke yake usingelimfikisha.

Mmoja wa walioshiriki naye tuzo ya mwaka ule ni Satoshi Ōmura wa Japani, aliyekuwa na mazoea ya kuokota udongo huku na huku na kuupeleka maabara. Udongo mmoja alioutoa karibu na uwanja wa gofu ulikuwa na kiumbe kilichozaa dawa ya ivermektini, ambayo hutumika dhidi ya usubi na ambayo ni miongoni mwa dawa zinazogawiwa watu wetu dhidi ya matende. Sitakaa hapo.

Huenda msomaji akasema: hayo ni ya Wamarekani, Wachina na Wajapani, wenye fedha za kuchezea. Basi twende Lushoto. Mwaka 1963 mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, Erasto Mpemba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa na sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyatia katika jokofu. Siku hiyo nafasi ya jokofu ilikuwa ikigombaniwa, naye akatia maziwa yake yakiwa bado ya moto. Alipokwenda kutazama, yake yalikuwa yameganda kabla ya yale yaliyotangulia kupozwa. Akauliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Akaendelea kuuliza, akachekwa. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alikuja mgeni, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne. Kijana akasimama akauliza swali lile lile, na darasa likacheka tena. Tofauti ya Osborne na wengine ni moja tu. Aliporudi chuoni aliagiza lijaribiwe. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala yao katika jarida la elimu ya fizikia, na hadi leo jambo hilo linaitwa duniani kote kwa jina la kijana wa Kitanzania.

Niseme ukweli, kwa sababu haifai kusifu kwa uongo: wataalamu hawajaafikiana. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza walipima kwa uangalifu wakasema hawakuona ushahidi madhubuti, na wengine wanaendelea kulitetea. Lakini swali lililozaliwa kwenye jokofu la bweni linawashughulisha wanafizikia zaidi ya nusu karne. Mpemba mwenyewe baadaye alisomea uhifadhi wa wanyamapori.

Sasa nirudi nyumbani, katika turathi yetu. Wapo ndugu wanaodhani kuwa kuutawanya utafiti katika fani zisizohusiana ni mtindo wa vyuo vya kisasa, na kwamba wazee wetu walikaa na fiqhi na tafsiri tu. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, analalamika katika Ihyaa kwamba katika miji mingi huwezi kumpata tabibu isipokuwa asiye Mwislamu, ilhali watu wamejazana katika fiqhi, hasa katika mijadala ya hitilafu za wanazuoni. Yeye aliihesabu tiba na hesabu kuwa ni faradhi ya kutosheleza, yaani jamii yote hupata dhambi ikiwa hakuna hata mmoja anayeisimamia. Akazitia humo hata ukulima, ufumaji na ushonaji. Zingatia kuwa lalamiko lake halikuwa dhidi ya fiqhi, maana yeye mwenyewe alikuwa faqihi. Alilalamikia msongamano: watu wote mlango mmoja, na milango mingine haina mtu. Leo msongamano umehama, umekwenda udaktari, uhandisi na uhasibu, lakini bado ni msongamano.

Na ukitaka kuona fani zisizohusiana zikikaa katika kifua kimoja, msome Abu Rayhan al-Biruni. Alizaliwa mwaka 973 katika nchi ya Khwarazm, ambayo sehemu yake leo imo Uzbekistani, na mwaka 1017 akachukuliwa na Sultani Mahmud hadi Ghazna, katika Afghanistani ya leo. Aliandika zaidi ya vitabu 100. Kimoja kinahusu kalenda na sikukuu za mataifa. Kingine kinahusu vito na madini. Kingine ni cha dawa, na humo akataja majina ya dawa kwa lugha kadhaa ili mgonjwa wa nchi moja asipewe sumu ya nchi nyingine kwa kufanana kwa jina. Alijifunza Kisanskriti akiwa mtu mzima, akaandika kitabu kizima juu ya dini na desturi za Wahindi, akieleza wanavyoamini wao wenyewe bila ya kuwatukana, jambo ambalo hata leo ni nadra katika mimbari zetu.

Mwanzo wa kazi yake moja kubwa ulikuwa swali ambalo kila nyumba ya Kiislamu inalijua: Kibla kiko upande gani? Alitaka kuupata mwelekeo sahihi wa Makka kutoka Ghazna. Kwa ajili hiyo ilibidi ajue mahali pa kila mji baina ya miji hiyo miwili, na ili ajue hayo ilibidi azame katika hesabu za pembe na za nyota. Siku nyingine, akiwa katika ngome ya Nandana, katika Punjab iliyo Pakistani leo, aliona mlima uliotazama uwanda mpana. Akaupima urefu wake, akapanda kileleni, akapima ni kwa kiasi gani upeo wa macho umeshuka chini ya mstari ulionyooka, na kwa pembe hiyo ndogo akakokotoa ukubwa wa dunia nzima. Jibu lake liko karibu na linalojulikana leo, ingawa wapo wanaojadili ni kiasi gani kilikuwa kipimo na kiasi gani bahati.

Yaqut, mwandishi wa tarehe za wanazuoni, amepokea kisa cha faqihi mmoja aliyemzuru al-Biruni akiwa katika sakarati. Mgonjwa akamuuliza juu ya suala gumu la mirathi, la mabibi wa upande wa mama, ambalo waliwahi kulizungumza. Faqihi akamhurumia: katika hali hii? Al-Biruni akamjibu kuwa kuiaga dunia akiwa analijua suala hilo ni bora kuliko kuiaga akiwa halijui. Basi akamweleza, naye akalirudia hadi akalihifadhi. Faqihi anasema alitoka, na akiwa bado njiani akasikia kilio kutoka nyumbani mule.

Mtu aliyeupima mzingo wa dunia alikufa akiuliza suala la mirathi! Na hesabu za mirathi zenyewe zina historia yake katika elimu, kwani sehemu kubwa ya kitabu cha aljebra cha al-Khwarizmi, kilichoandikwa katika karne ya 9, ni masuala ya wasia na urithi.

Nirudi kwenye vigae vya yule binti, maana huko ndiko moto ulikowaka.

Sisi watu wa mwambao tuna ugomvi wa zamani juu ya asili yetu. Wapo wanaosema Waswahili ni Waarabu na Waajemi waliohamia, na wapo wanaosema habari za Shirazi ni hadithi za kujikweza. Ugomvi huu si wa vitabuni tu. Umevunja posa, umegawa mitaa na umeingia katika siasa. Kwa karne nyingi tulikuwa na tarehe ya Kilwa, inayosimulia watu wa Shiraz waliokuja kwa majahazi, na kila upande uliisoma utakavyo.

Wa kwanza kutusaidia walikuwa wataalamu wa lugha. Walilinganisha maneno na sarufi wakaonyesha kuwa Kiswahili ni lugha ya Kibantu, ndugu wa Kipokomo, Kimijikenda na Kikomoro, na kwamba maneno ya Kiarabu yaliingia juu ya msingi huo. Kisha wakaja hao waokota vigae. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, Kenya, katika miaka ya 1980 mwanaakiolojia Mark Horton alichimba chini ya msikiti wa mawe ulioanguka. Chini yake akakuta msikiti mwingine, na chini ya huo mwingine, hadi akafikia alama za mashimo ya nguzo za miti: msikiti mdogo wa mwishoni mwa karne ya 8. Yaani Uislamu ulikuwa umefika katika kijiji hicho cha mwambao miaka isiyotimia 200 tangu Hijra. Habari hiyo haikuandikwa katika kitabu chochote. Iliandikwa katika udongo, na mwenye kuisoma ni yule anayejua rangi ya mchanga na umri wa kigae.

Kisha mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa baina ya miaka 1250 na 1800, wengi wao katika miji ya mwambao kama Mtwapa, Manda na Kilwa. Miongoni mwa viongozi wake ni Profesa Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia Mkenya. Ilionekana kuwa kwa wengi wa watu hao zaidi ya nusu ya asili yao ni ya Afrika, hasa kwa upande wa akina mama, na kwamba kwa upande wa akina baba kuna asili kubwa ya Uajemi, iliyoanza kuchanganyika karibu na mwaka 1000. Asili ya Uarabuni iliongezeka baadaye, tangu karibu na mwaka 1500. Kwa hiyo masimulizi ya wazee hayakuwa uongo mtupu, na wanaosema bibi zetu ni Waafrika wa nchi hii hawakukosea. Ni sharti tuongeze kuwa waliozikwa kwenye makaburi ya fahari pembeni ya misikiti hawakuwa watu wote wa mji.

Tazama ni fani ngapi zilikutana hapo: wanaosoma hati za Kiarabu, wanaochimba, wanaolinganisha lugha, wanaosoma vinasaba. Na katika maabara za vinasaba, ile njia ya PCR ni moja ya hatua za kazi. Maji ya Yellowstone yamefika hadi katika mifupa ya Mtwapa.

Hapo hapo kuna suala ambalo nilimwahidi mzee kuwa sitalikwepa. Mifupa hiyo ilikuwa makaburini, na makaburi ni ya Waislamu. Heshima ya maiti katika sheria yetu inajulikana. Lini inajuzu kufukua, kwa dharura gani, nani aombwe ridhaa, na mifupa irudishwe vipi? Maswali haya yanahitaji mtu anayejua fiqhi ya janaza na anayejua pia namna ya kushika mwiko wa kuchimbia. Ikiwa kila mzazi wa Kiislamu atamkataza mwanawe fani hiyo, makaburi yatachimbwa vile vile, ila hatakuwapo wa kuuliza.

Sisemi kuwa kila utafiti ni mzuri. Zipo tasnifu zilizonakiliwa kutoka kwa wengine, na zipo zilizoandikwa ili kupandishwa cheo tu, nami nimezisoma baadhi yake kwa maumivu. Wala simwambii mzazi asiulize habari za ajira. Na aulize: waliomaliza fani hiyo wako wapi, wanafanya nini, je, kijana ana subira nayo au ameipenda jina? Lakini awaulize wanaoijua, na asimalize swali kwa kicheko.

Ijumaa ile mzee alikuja na binti, wakakaa upande wa maktaba ya madrasa. Nilimuuliza binti kwa nini akiolojia. Akasema bibi yake, mama wa mama yake, alizaliwa Kilwa Kisiwani, na alipokuwa mdogo alimpeleka kuuona ule Msikiti Mkuu. Akamuuliza bibi nani aliyeujenga, na bibi akasema hajui, wanajua walio chini.

Baba yake hakuwahi kuisikia habari hiyo. Akanyamaza kidogo, kisha akamuuliza bintiye: "Hivyo vigae, vikishatolewa ardhini, nani anajua vimetoka wapi?" Binti akamweleza kuwa udongo wake hupimwa kikemia, na kwamba vingine ni vya China na vingine vya Uajemi.

"Kumbe na kemia imo," akasema mzee.

Barua ilitakiwa kuthibitishwa Jumatatu. Aliikunja, akaitia katika mfuko wa kanzu, kisha akanigeukia kuniuliza kama nauli ya kwenda Kilwa kwa mafunzo ya vitendo hulipwa na chuo au na mzazi. Nikamwambia hilo amuulize bintiye.